Bushoni ya Nyuma

Vijana wa garaji, nianze na rangi, maana ndiyo inayonichemsha damu kuliko yote. Siku hizi hapa Lubumbashi ukiingia karibu garaji yoyote utakuta injini imelazwa juu ya matairi mawili makuukuu, imepulizwa rangi ya fedha mpaka inaumiza macho, na fundi amesimama kando yake anaipiga picha kwa simu. Nikimwuliza kama ndani ameosha, ananiambia, papa, angalia tu mwenyewe. Naangalia. Nje ni safi. Hata kaburi hupakwa chokaa nje.

Naitwa Banza. Baba yangu alishuka kutoka kaskazini mwa Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na mimi nikaishia kwenye injini za diseli, katika karakana ya kampuni moja ya malori, mpaka magoti yalipogoma. Sasa naishi nyuma ya nyumba ya binti yangu huko Makomeno. Asubuhi naletewa chai, Jumapili napelekwa misa, na watu wanadhani mzee ametulia. Mzee hajatulia. Mzee ana hasira, na leo nitawaambia ilikoanzia na ilikoishia.

Kwanza nani aliwafundisha kuosha bloku, mwili wenyewe wa injini, kwa pampu ya kuoshea magari? Pampu ile inaondoa tope la barabarani. Tope la barabarani halijawahi kuua injini. Kinachoua ni unga wa chuma unaobaki ndani baada ya mashine kukwangua silinda na kunyoosha matundu, unga mlaini ambao ukiusugua kati ya vidole unafanana na uji wa grafiti. Unajificha kwenye njia za mafuta, yale matundu marefu yaliyotobolewa ndani ya bloku kutoka mbele hadi nyuma. Huuoni. Wenyewe unakuona, na unasubiri siku utakapowasha.

Mimi nilifundishwa na mzee Numbi, aliyejifunza kazi kwenye karakana ya reli. Kwake yeye bloku iliyofunguliwa ilipaswa kuwa uchi kabisa: kila boliti nje, kila bushoni nje. Bushoni ni kile kizibo kinachofunga mwisho wa njia ya mafuta. Kuna ya mbele na kuna ya nyuma. Kisha brashi nyembamba ndefu kama ile ya kusafishia chupa, inaingia mbele na kutokea nyuma, inakwenda na kurudi, pamoja na mazutu, yaani diseli. Baada ya mazutu, maji ya moto na sabuni ya kufulia. Ndiyo, sabuni ya kufulia, msicheke. Mazutu yanaondoa grisi lakini unga wa chuma yanauacha ukutani mwa silinda. Sabuni ndiyo inayoubeba. Ukimaliza unakausha upesi na kupaka mafuta, la sivyo ukienda tu kula bukari, ugali wetu, utarudi ukute kutu.

Mzee Numbi alikuwa na kitambaa cheupe cha mfukoni, kilekile alichokwenda nacho misa. Alifuta silinda kwa kitambaa hicho. Kikitoka na alama ya kijivu, hata ndogo kama kucha, ulirudi kwenye sabuni. Mke wake alikichukia kitambaa kile, na sisi tulikiogopa.

Na alikuwa na moshi. Aliwasha sigara, akavuta, akapuliza moshi kwa kipande cha mpira ndani ya njia kuu ya mafuta, huku mimi nimeinama nahesabu. Injini zetu zilikuwa za silinda sita, kwa hiyo vilbreken, ule mhimili mzito wa chini unaozungushwa na pistoni, umelala juu ya vitanda saba. Moshi ulipaswa kutoka kwenye vitanda vyote saba. Mzee hakuvuta sigara wakati wa Kwaresima, alikuwa Mkatoliki wa kweli, lakini bloku ikiwa tayari aliwasha. Nilipomtania siku moja akanijibu kwamba huku si kuvuta, huku ni kupima. Nadhani kuna Kwaresima alizopima sana.

Moshi ule uliniokoa mapema. Kila kitanda cha vilbreken kina kusineti, vipande viwili vyembamba vya chuma vilivyopinda nusu duara, kimoja juu na kimoja chini. Kazi yake ni kuubeba mhimili ule juu ya utando wa mafuta ili chuma kisiguse chuma. Kipande cha upande wa bloku kina tundu la kupitishia mafuta, cha upande wa kifuniko hakina. Mimi, kwa haraka ya ujana na mpira wa miguu saa kumi, kitanda kimoja nilikiwekea cha kifuniko upande wa bloku. Nilivipanga vizuri, vikang'aa, nikajipongeza. Mzee Numbi akapuliza. Nikahesabu sita. Nikahesabu tena, sita. Akasema, "Moshi haina bongo, Banza. Moshi haisemake bongo." Yaani moshi hausemi uongo. Kitanda cha nne kingekufa kabla gari halijatoka mjini. Siku ile sikwenda mpirani.

Kwa hiyo najua kukosa. Sisemi na nyinyi kama malaika. Lakini kuna kukosa na kuna kukataa kuangalia, na huko kwa pili ndiko kulikoniondoa kwenye kiti changu Makomeno.

Alinijia mtu mmoja anaitwa Kapya, Jumapili, baada ya misa. Nilimjua kwa sura, shofere wa lori la Mama Feza, yule mama anayeleta mahindi kutoka Lukafu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba msamaha, ingawa hakuwa na kosa la kuombea. Lori lilikuwa limefanyiwa injini upya kwenye garaji ya barabara ya kwenda Luano. Kusineti mpya, silinda na vilbreken zimekwanguliwa, kila kitu. Safari ya kwanza Lukafu ilikwenda vizuri. Safari ya pili injini ikaanza kugonga chini, na Kapya akazima palepale njiani, lori likavutwa na jingine kwa kamba mpaka mjini. Garaji ikafungua kidogo, ikaangalia, ikamwambia Mama Feza kwamba shofere wake amekausha mafuta, ameiendesha injini bila kuyaangalia. Kapya akafukuzwa.

Mnajua shofere aliyekausha mafuta anaitwaje mjini hapa? Haitwi. Hilo ndilo neno lake. Alizunguka kwa wenye malori wote anaowajua, na kila mmoja alikuwa ameshasikia. Mmoja alimcheka mbele ya mizani ya malori. Miaka yake yote ya usukani, bila kupindua gari hata mara moja, ilifutwa na neno la fundi mmoja. Alikuwa ameanza kupakia mikaa kwa baiskeli. Sikuuliza nyumbani wanakula nini.

"Papa," akaniambia, "mafuta ilikuwa. Kila asubui nilikuwa nachomoa fimbo ya kupimia, naangalia. Mie mwenyewe nilizima moteur. Muntu mwenye kuua moteur, anazimaka?"

Swali lile lilinipiga. Mtu aliyezembea haachi kuendesha injini ikianza kugonga, anaongeza sauti ya redio. Nikamwuliza garaji ni ya nani. Akasema ya Kaumba.

Hapo hasira ikapata anwani. Kaumba ni mtoto wangu wa kazi. Nilimpokea akiwa hajui kushika ufunguo wa boliti, nikamwachia akiwa fundi. Ana garaji yake sasa, ukuta wa matofali, bango lenye picha ya pistoni, kompresa kubwa ya hewa inayonguruma siku nzima. Nilijivunia sana bango lile. Nikamwambia Kapya amwambie Mama Feza kwamba injini isifunguliwe tena mpaka niwepo mimi, na kama ni shofere aliyekosa nitamwambia mwenyewe usoni. Mama Feza akakubali. Ni mama mkali lakini hapendi kudanganywa, na nadhani kuna kitu kilikuwa kimeshaanza kumsumbua.

Tulikwenda asubuhi ya Jumatatu. Mama Feza akapewa kiti karibu na geti, Kapya akasimama mbali naye, kama watu wasiojuana. Injini ilikuwa imeshatolewa na kupinduliwa miguu juu. Ilikuwa na rangi ya fedha, bila shaka. Kaumba alinisalimia kwa heshima zote, akaniletea aproni safi, na nilimwona hana wasiwasi wowote. Hilo liliniudhi zaidi. Mwizi angalau hutetemeka.

Nilifungua vifuniko saba kimoja kimoja. Kila kusineti niliyoitoa niliilaza juu ya gazeti kwa mpangilio wake, ya kwanza hadi ya saba. Vijana, nisikilizeni vizuri hapa. Msitupe kusineti za zamani kwenye ndoo zikachanganyika. Ndizo mashahidi wenu. Kusineti iliyokosa mafuta inaungua: inageuka nyeusi na bluu, ngozi yake inayeyuka na kupakazwa, na vilbreken nayo inabadilika rangi. Sasa angalieni za lori la Mama Feza. Ya kwanza hadi ya nne zilikuwa za kijivu, laini, kama zimetoka dukani jana. Ya tano ilikuwa na mikwaruzo. Ya sita ilikuwa imechimbwa mifereji. Ya saba, ya nyuma kabisa, ilikuwa imeraruka mpaka shaba inaonekana, na ndani ya mifereji yake kulikuwa na chembe zinazometa. Hakuna bluu hata kidogo. Mafuta yalikuwepo, na ndiyo yaliyokuwa yakiziletea kusineti zile mchanga wa chuma.

Nilichukua chembe moja kwa ncha ya kisu, nikaisogeza kwenye sumaku. Ikaruka. Chuma cha bloku. Uchafu wa mashine, uliobaki ndani tangu siku ya kukwangua. Nikainua kichwa nikatazama nyuma ya injini, pale inapofungwa gurudumu zito. Bushoni ya nyuma ilikuwa pale, imepakwa rangi ya fedha pamoja na majirani zake. Nikaikwangua kwa ukucha. Chini ya fedha kulikuwa na rangi ya kijani ya kiwandani, haijapasuka hata mstari mmoja kuzunguka kichwa chake. Haikuwahi kufunguliwa. Tangu injini ile izaliwe, haikuwahi.

Nikaelewa mara moja Kaumba alivyofanya. Alitoa bushoni ya mbele, akaingiza hewa ya kompresa yake kubwa, akasikia inatoka kwenye matundu yote saba, akafurahi. Lakini hewa ikipulizwa kutoka mbele na nyuma pamefungwa, inasukuma taka yote kwenda kwenye kona ya mwisho, nyuma ya kitanda cha saba, na kuikandamiza pale kama ugali kwenye sufuria. Inakaa. Mafuta ya moto yanakuja, yanailainisha, yanaichukua kidogo kidogo. Safari ya kwanza nzuri. Safari ya pili unagonga.

Nilimsema. Sitarudia maneno yote, nilikuwa nimekwenda misa jana yake. Nilimwambia amemwaibisha mzee Numbi kaburini. Nilimwambia amemla mtu akiwa hai, kwa uvivu wa bushoni moja. Nilimwuliza ni mwendawazimu gani aliyemfundisha kuosha njia ya mafuta upande mmoja tu. Kompresa ilikuwa inanguruma, kwa hiyo kule getini waliona mikono yangu tu.

Kaumba alingoja mpaka nilipokosa pumzi. Kisha akaniinamia sikioni, taratibu, bila ubishi.

"Papa, ni weye. Ulituambiaka, bushoni ya nyuma hatugusake. Iko ya kiwanda. Ukiigusa, bloku inapasuka."

Nilitaka kusema anasema bongo. Mdomo ulifunguka, na kabla neno halijatoka nikaiona siku ile, nzima, na harufu yake.

Ilikuwa kwenye karakana ya malori, baada ya mzee Numbi kustaafu. Nilikuwa nimeshakuwa mkubwa wa zamu, nina wanafunzi watatu, Kaumba mmoja wao. Bushoni ya nyuma ya injini moja ilikataa kutoka. Nilipaswa kuipasha moto polepole na kungoja, kama nilivyofundishwa. Sikungoja. Niliivalisha ufunguo usiofaa nikauvuta kwa bomba refu, kichwa cha bushoni kikazunguka na kuwa duara, hakishikiki tena. Wanafunzi wangu walikuwa mlangoni wanarudi kutoka kula, na shefu wa karakana nyuma yao. Fundi mkubwa, ameharibu bushoni kama mtoto wa juzi. Nilichukua tupa nikalisawazisha lile duara, nikapaka rangi kwa brashi, na wanafunzi walipofika nikanyoosha kidole nikawaambia kwa sauti ya mwalimu: hii hatugusake. Nikaongeza habari ya kiwanda. Nikaongeza habari ya kupasuka kwa bloku. Ilitoka vizuri sana, hata mimi mwenyewe nilikaribia kuamini.

Kisha nikapuliza moshi kutoka mbele, nikahesabu saba, nikajiambia mambo ni sawa. Injini ile ilikwenda miaka. Ilikuwa na bahati, nilikuwa nimeiosha kwa maji mengi kabla bushoni haijanikatalia. Na wanafunzi walikuwa wanaangalia kila injini baada ya ile, kwa hiyo nililazimika kuifuata sheria yangu mwenyewe. Nilipokuwa peke yangu nilizitoa bushoni za nyuma, kimya kimya, kama mtu anayekula mwezi wa mfungo. Baadaye nikasahau hata kwamba nilisema. Wao hawakusahau. Moshi hausemi uongo, mzee Numbi alikuwa sahihi, ila hakuniambia kwamba moshi hujibu tu lile uliloliuliza.

Tunaambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kaumba alilisikia la mkuu vizuri sana, na guu lililovunjika lilikuwa la Kapya.

Nilimwambia azime kompresa na alete kichomeo cha gesi na nyundo ndogo. Tukaipasha bushoni ile moto, polepole, nikaipiga nyundo ndogo pembeni, tukangoja. Ilitoka bila ugomvi. Haikupasua kitu. Nyuma yake niliingiza kijiti nikatoa uji wa kijivu, unaometa, kiasi cha kijiko cha chai. Nikauweka juu ya gazeti karibu na kusineti ya saba.

Mama Feza akainuka kitini akaja. Kapya alimfuata kwa hatua chache nyuma. Nilimweleza mama nilichowaeleza nyinyi, kusineti moja baada ya nyingine, mpaka bushoni ambayo vijana wa garaji wamefundishwa wasiiguse, akaelewa upesi kuliko wanafunzi wengi niliowahi kuwa nao. Akagusa ule uji kwa kidole. Kisha akauliza swali ambalo ningeuliza mimi.

"Sasa nani alisemaka hii kintu haiguswake?"

Nikamtazama Kaumba. Alikuwa ameangalia chini. Vijana, alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu la kweli, na lilikuwa limesimama mbele yake limevaa aproni aliyoliletea yeye. Garaji ilikuwa yake, bango lake, wafanyakazi wake wote wanasikiliza. Alifunga mdomo. Nikaona kabisa kwamba ataubeba mzigo ule peke yake, kwa sababu mtoto wa kazi hamtaji mkubwa wake mbele za watu. Naweza kuwaapia kwamba kwa muda wa kumeza mate mara moja niliona ni jambo zuri. Nilijiambia mimi ni mzee, nimebakiwa na jina tu. Nikajiambia yeye ni kijana, atasahauliwa. Halafu macho yangu yakaenda kwa Kapya, ambaye naye alikuwa amebakiwa na jina tu, wakamnyang'anya.

"Ni mie, mama," nikasema. "Ilikuwa bongo. Niliharibu bushoni, nikaona haya, nikabafundisha haya yangu."

Mama Feza hakusema kitu kwangu. Hata leo hajasema. Aligeuka kwa Kapya akakaa anamtazama, na nilidhani atampa maelezo marefu, lakini alisema tu kwamba lori likipona aje kuchukua funguo.

"Nilikuambiaka, mama," Kapya akajibu. "Mafuta ilikuwa." Hakucheka, hakushukuru. Alikuwa ameisema sentensi ile kwa watu wengi mno.

Injini ile tuliifanya upya mimi na Kaumba, kwa siku nne, magoti yangu yakilia. Tuliosha pande zote mbili. Tulitumia sabuni ya kufulia. Mgongo wa kusineti tuliufuta mkavu kabisa, maana mafuta yanakwenda upande wa vilbreken tu, upande wa mgongo ni chuma kwa chuma. Ukipaka huko kusineti haikai vizuri kitandani mwake. Tuliangalia tundu kwa tundu. Vifuniko tulivifunga kuanzia cha katikati kwenda nje, kwa awamu tatu, na baada ya kila kifuniko tuliizungusha vilbreken kwa mkono. Ikizunguka nzito, usijipe moyo, fungua. Na kabla ya kuwasha tulizungusha injini bila kuipa mazutu mpaka mafuta yakafika juu. Kaumba alitaka kuipaka rangi. Nilimtazama, akaliacha kopo.

Mngependa niishie hapo. Lori linakwenda Lukafu, Kapya yuko kwenye usukani. Lakini nikiwa Makomeno na chai yangu nilianza kuhesabu. Nilikuwa na wanafunzi watatu siku ile. Kaumba peke yake amefundisha labda kumi. Wale wawili wengine, mmoja alifungua garaji yake, mwingine alikwenda kwenye malori ya migodi. Nao wamefundisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu imefika mpaka Luano na sijui imepita wapi tena. Kila injini ya namna ile iliyogonga safari ya pili, mjini humu, kuna shofere aliyeambiwa amekausha mafuta. Sijui wangapi. Ningejua ningekwenda kuwagongea milango.

Kwa hiyo sasa nazunguka. Kapya akiwa hana safari ananichukua kwa lori, tunapita garaji kwa garaji, nina ile bushoni ya zamani ya lori, tuliyoibadilisha kwa mpya, mfukoni, ndani ya kitambaa cheupe. Wengine wananipa kiti. Wengine wananidhani mzee aliyechanganyikiwa anayeuza vipuri.

Wiki iliyopita tuliingia kwenye garaji moja ambayo hata sikujua kama ipo. Fundi alikuwa kijana, safi, anafanya kazi vizuri, kusineti zake za zamani amezipanga kwa mpangilio kwenye gazeti, nikafurahi. Bloku ilikuwa wazi. Nikaenda moja kwa moja nyuma. Bushoni ilikuwa na rangi yake ya kiwandani. Nikamwomba ufunguo.

Aliniwekea mkono begani, kwa upole, kama mnavyotushika sisi wazee tusianguke.

"Hapana, papa. Ya nyuma hatugusake. Iko ya kiwanda. Ukiigusa, bloku inapasuka."

Ni maneno yangu. Hata sauti ilikuwa yangu, ile ya mwalimu. Nikamwuliza nani aliyemwambia.

"Ni bazee ba kazi, papa. Bale banajua."

Niliitoa bushoni yangu kwenye kitambaa. Lori lilikuwa getini, injini inazunguka polepole, haigongi. Kapya alitoa kichwa dirishani.

"Umuambie jina ya muzee mwenye alisemaka ile, papa," akasema. "Umuambie ni nani."